Aliyeiba Tabaka la Tatu

"Andika," Inspekta alisema. "Eneo la tukio: chumba cha baridi, karakana ya keki. Mwathirika ana matabaka manne. Alitakiwa kuwa na matano."

Koplo aliinua kalamu. "Mwathirika, afande?"

"Unataka tumwite nani?"

Koplo akaandika. Mbele yao, juu ya meza ya chuma, keki ya harusi ilikuwa imepangwa vipande vipande, kila tabaka kwenye ubao wake. La chini lilikuwa pana kama gurudumu la lori, na anayebisha hakuwapo. La pili lilifuata. La nne na la tano, madogo, yalikaa pembeni kama watoto waliopotezana na mama yao sokoni. Kati ya la pili na la nne palikuwa na duara la meza tupu.

Inspekta alimeza mate na kugeuza uso. Kituoni walimwita Mkavu, kwa sababu daktari alikuwa amempiga marufuku kula sukari na sasa alikunywa chai kavu kuanzia asubuhi hadi anapolala. Katika kesi zote za jiji, mkuu wake alikuwa amemchagulia hii. Inspekta aliamini kwamba haikuwa bahati mbaya.

Mlalamikaji alisimama mlangoni, aproni hadi magotini, unga hadi kwenye viwiko. Mtaa mzima ulimwita Mama Keki, na jina lake la cheti cha kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hata kwa mumewe.

"Mama, uligundua saa ngapi?"

"Asubuhi hii nilipoanza mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya keki. Siku moja kabla ya harusi naisimamisha yote hapa hapa, nazunguka, naangalia kama imeinama, kisha naipangua tena. Fundi wa keki asiyefanya hivyo ataaibika ukumbini. Leo nimeweka la kwanza, nimeweka la pili, nageuka kuchukua la tatu. Hakuna."

"Huwezi kupika jingine leo?"

Mama Keki alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu.

"Inspekta, lile tabaka lilikuwa na mawaridi ya sukari, kila petali nimeifinyanga kwa kidole. Yanakauka wiki nzima. Na bila la tatu, hili la nne litakaa wapi? Hewani? Kesho mchana keki hii inasimama mbele ya watu. Isiposimama, nafunga jiko hili, nakwenda kuuza vitunguu."

"Vitunguu navyo ni kazi," Koplo alisema.

"Ndiyo. Lakini hakuna bibi harusi anayelia kwa furaha akiona kitunguu."

Inspekta alimpa alama moja moyoni. Alikagua mlango wa nyuma wa karakana. Kufuli zima. Bawaba nzima. Mlango huo, Mama Keki alieleza, ulikuwa wazi jana alasiri ili joto la jiko litoke, wakati yeye alikuwa mbele akimwonjesha mteja ladha za krimu. Mteja yule alionja kumi na moja, kisha akaagiza biskuti.

Koplo alipiga magoti kando ya tabaka la nne. "Afande. Hapa pana alama."

Ubavuni mwa krimu palikuwa na shimo dogo, bapa, safi. Mtu aliyenyanyua tabaka la tatu kwa haraka alikuwa ameligusa la nne kwa dole gumba. Koplo, aliyesomea alama za vidole na akafaulu vizuri, alimulika kwa tochi, akapiga picha, akaangalia kwa kioo cha kukuzia. Akaangalia tena.

"Afande, kidole hiki hakina mistari."

"Amevaa glavu?"

"Glavu ingeacha mkunjo. Hii ni ngozi tupu, lakini laini kama kijiko."

"Mwizi mwenye kidole cha kijiko," Inspekta alisema. "Andika. Na hiyo krimu iliyobaki kwenye ncha ya kidole chako ni kielelezo, usiilambe."

"Imeshakwenda, afande."

Mlinzi wa geti aliitwa. Ua ule ulikuwa na karakana nne: ya keki, ya useremala, ya fundi cherehani, na moja ambayo kazi yake haikujulikana vizuri ila ilipiga kelele sana. Mlinzi walimwita Tochi, kwa sababu alitembea nayo ikiwaka hata jua la mchana.

"Jana alasiri, nani alitoka na mzigo?"

"Seremala alitoka na stuli. Fundi cherehani na gauni. Na yule wa ngoma."

"Wa ngoma gani?"

"Mzee mmoja, amevaa koti refu na joto lote lile, kofia hadi kwenye nyusi. Ana ngoma imefunikwa kwa shuka. Nikamwambia, mzee, tupigie kidogo. Akasema ngozi bado mbichi."

"Na wewe ukaamini."

"Mimi si mpiga ngoma, afande."

"Ngoma aliibeba vipi?"

"Kwapani. Mkono wa pili akanipungia."

Inspekta alimwita Koplo ndani, akamwonyesha tabaka la pili. "Libebe kwapani. Nipungie."

Koplo, ambaye aliwahi kumbeba mlevi ghorofa tatu bila kupumzika, alilikumbatia, akalinyanyua kidogo tu, akarudisha. Jasho lilimtoka.

"Mama Keki," Inspekta alisema taratibu, "tabaka la tatu lilikuwa na uzito gani?"

"Wa kawaida."

"Wa kawaida wa nini?"

Mama Keki alifuta meza iliyokuwa safi. Akaenda kufunga mlango, akarudi, akashusha sauti.

"Lilikuwa la uongo."

"La uongo?"

"Ndani si keki. Ni lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la televisheni. Unalikata duara, unalipaka krimu, unalipamba. Keki inapata urefu na hakuna anayejua. Mafundi wote tunafanya. Wenyewe wenye harusi walikubali, lakini wageni hawatakiwi kujua. Nakuomba usiandike."

"Koplo, usiandike."

"Nimeshaandika, afande."

"Basi andika vibaya."

Inspekta alivuta stuli akakaa. Hapa ndipo kesi ilipoanza kumnogea. Wakati kama huu alikuwa na tabia ya kuongea na vidole vyake, kimoja kimoja.

"Mwizi wa kawaida anataka kula au anataka kuharibu. Akitaka kula, anashika tabaka la tatu, anasikia jepesi kama kofia, analiacha, anachukua la nne hapo hapo pembeni, tamu na dogo. Akitaka kuharibu, anasukuma meza. Huyu amepita keki nne za kweli akachukua moja isiyolika, akaifunika kwa shuka kama mtoto mchanga. Maana yake alijua. Alikuja kwa ajili ya hiyo hiyo. Mama, nani walijua lipi ni la uongo?"

"Waliokuja kuagiza tu. Bibi harusi, shangazi wa bwana harusi, na baba wa bibi harusi."

"Nieleze siku hiyo."

Mama Keki alicheka kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa vita, Inspekta. Shangazi anataka matabaka saba, na chemchemi ya maji katikati. Bibi harusi anataka mawili. Shangazi anasema, mawili ni kitindamlo. Bibi harusi anasema, saba ni jengo, tutahitaji kibali. Nikawapatanisha kwenye matano, moja la uongo."

"Na baba?"

"Alikaa hapo ulipokaa, kimya. Mwisho akauliza swali moja: kwa nini la katikati liwe la uongo, hakuna mtu wa kulipika? Binti yake akasema, 'Baba, afadhali la uongo kuliko lako la kubonyea.' Tukacheka wote."

"Na yeye?"

"Alicheka sana. Alicheka mpaka sisi tumenyamaza, yeye bado anaendelea."

Inspekta aliufikiria ucheko huo. Alikuwa na mabinti wawili nyumbani.

*

Shangazi alihojiwa sebuleni kwake, katikati ya maboksi ya glasi na mapambo. Hakuonyesha hofu yoyote.

"Mimi niibe tabaka? Mimi nilitaka saba. Ningekuwa mwizi, ningeingia usiku nikaongeza."

Koplo alichukua alama za vidole vyake. Vilikuwa na mistari ya kutosha kugawia watu wawili.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa, kwenye kikao cha harusi. Watu wote walikuwepo. Isipokuwa mkwe wetu, baba wa binti. Alikuja, akakaa kidogo, akaruka kama aliyeumwa na siafu. Anasema ana kitu motoni. Mwanamume anaishi peke yake, ana nini motoni?"

"Alifanya kazi gani kabla ya kustaafu?"

"Alitunza boila kiwandani. Maisha yake yote. Hata jina lake ni hilo hilo, Mzee Boila. Ukimpa mkono ni kama unashika pasi iliyopoa."

Inspekta na Koplo walitazamana. Mtu anayefungua mlango wa tanuri kwa mkono wake miaka yote hiyo habaki na mistari kwenye dole gumba.

*

Nyumba ya Mzee Boila haikuhitaji kuulizwa. Pua ilitosha. Harufu ya vanila na kungumanga ilianzia barabara kuu, ikapinda kona pamoja nao.

Kwenye kona fundi viatu alikuwa anatafuna.

"Unakula nini?"

"Keki, mkuu."

"Ya nani?"

"Ya Mzee Boila. Tangu jana anagawa. Ukikataa anakasirika."

Ilikuwa keki ya duara, kahawia, na katikati imebonyea kiasi kwamba fundi alikuwa ameweka misumari yake humo ili isitawanyike. Mwenye duka la jirani alikuwa na yake, ameichomekea mwamvuli katikati. Msusi alikuwa na mbili. Kuku wa nyumba ya tatu walilala kivulini, matumbo juu, na inasemekana wiki ile hawakutaga kitu kisicho na ladha ya vanila. Zote zilikuwa na upana mmoja. Zote zilikuwa na bonde.

"Koplo, pima moja."

Koplo alipima kwa futi, kisha akalinganisha na duara tupu alilolipima kwenye meza ya chumba cha baridi.

"Sawasawa, afande. Hata unywele haupiti."

Inspekta aligonga mlango. Ukafunguliwa na mzee mrefu mwenye unga kwenye nyusi. Alipoona sare ya Koplo hakukimbia. Alitazama nyuma, jikoni, kwa wasiwasi wa mtu aliyeacha mgonjwa kitandani.

"Mnanikamata sasa hivi, au naweza kuangalia oveni kwanza?"

Jiko lilikuwa dogo, safi. Juu ya meza, kwenye shuka lililokunjwa vizuri, lilikaa tabaka la tatu, jeupe, mawaridi yake yote mahali pake. Hakuna petali iliyovunjika. Kando yake kulikuwa na bakuli, mayai, maganda ya limau yaliyokunwa, na sufuria ya duara aliyoikata mwenyewe kutoka kwenye bati ili ilingane na lile povu. Oveni ilikuwa ya kizamani, na ndani yake kulikuwa na keki.

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye mpini wa oveni wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna.

"Acha," Inspekta alisema.

"Naangalia tu."

"Umeangalia mara ngapi?"

"Kila baada ya muda kidogo. Moto lazima uangaliwe, Inspekta. Usipouangalia moto, moto unakuangalia wewe."

"Huo ulikuwa wa boila. Mzee mwenzangu, keki ikifunguliwa mlango kabla haijashika, inaanguka katikati. Mke wangu alinifukuza jikoni kwa kosa hilo hilo. Siku zote keki zako zilibonyea?"

Mzee alishusha mkono. "Zote. Nilidhani ni mayai."

Inspekta alivuta kiti, akakigeuza, akakiegemeza kwenye mlango wa oveni, akakaa na mgongo wake ukawa kufuli.

"Oveni hii iko chini ya ulinzi wa polisi. Hakuna kufungua. Koplo, chukua maelezo ya mshukiwa. Mzee, si lazima useme chochote, lakini tuna nafasi mpaka keki iive, na mgongo wangu unaungua, kwa hiyo ni vizuri ukisema."

Mzee Boila alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mama yake alitutoka binti akiwa bado hajaanza shule. Siku yake ya kuzaliwa ikafika. Nikasema, nitapika keki. Sikujua hata kupiga yai. Ikabonyea. Nikajaza shimo kwa jamu, yeye akasema ni ziwa, tukaweka vijiti vya kiberiti viwe wavuvi. Tangu hapo kila mwaka nikapika, kila mwaka ikabonyea, kila mwaka akaweka kitu kwenye shimo. Mwaka mmoja aliweka kifaranga. Cha kweli. Siku hiyo akaniambia, 'Baba, siku ya harusi yangu utapika wewe.' Nikasema sawa."

"Akasahau."

"Watoto wanasahau, ni haki yao. Mimi sikusahau. Nikaenda naye kuagiza, nikasubiri aseme. Hakusema. Nikasikia la katikati ni la uongo. Nikajiuliza, Inspekta, kati ya mambo yote, pale katikati wameacha nafasi na wameweka uongo. Hiyo si nafasi yangu?"

Koplo aliacha kuandika.

"Kwa nini hukuomba?"

"Nikiomba watanihurumia. Nilitaka nipike, likiwa zuri nihamishe mawaridi, nirudishe kabla ya kesho asubuhi, akate, ale, asijue. Ningejua mimi tu. Nilihitaji lenyewe ili nipate upana, na mapambo. Sikujua fundi anaifanyia keki mazoezi. Boila haifanyiwi mazoezi. Unaiwasha."

"Kwa hiyo unakiri kuiba."

"Nakiri kuazima bila kuaga. Na ngoma nakiri pia. Ile ya ngozi mbichi ilinitoka tu."

Ndani ya oveni kitu kilikuwa kinapanda polepole, kwa raha zake, bila mtu wa kukichungulia. Mzee alinyoosha shingo mara tatu. Mara tatu Koplo akamwambia, "Babu, kaa chini." Inspekta alikuwa anatoka jasho mgongoni kama barafu kwenye jua, lakini hakusogea. Wapo wanaosema shati lake liliungua alama ya mpini wa oveni na kwamba alama hiyo ilibaki kwenye ngozi hadi alipostaafu. Mkewe hajawahi kukanusha.

Harufu ilipobadilika, Inspekta alisimama. "Sasa."

Mzee alifungua.

Keki ilikuwa imevimba, duara, kahawia ya dhahabu, katikati imeinuka kidogo kama tumbo la mtu aliyeshiba. Mzee aliichoma kwa kijiti. Kikatoka kikavu. Akaichoma tena mahali pengine, kwa sababu hakuamini.

"Imesimama," alisema.

"Koplo," Inspekta alisema, "mpigie mlalamikaji. Mwambie mwizi amepatikana, na aje na krimu."

*

Mama Keki alifika amekunja ngumi. Alimwangalia mshukiwa. Aliangalia mawaridi, akayahesabu moja moja, yote yapo. Mwisho aliangalia keki, akaibonyeza kwa kidole, ikarudi juu.

"Nani kapika hii?"

"Mimi," mshukiwa alisema.

"Na mimi nililinda mlango," Inspekta alisema.

Mama Keki alikata ukoko mwembamba, akautia mdomoni, akatafuna muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mzee alisimama wima kama siku ya ukaguzi kiwandani.

"Kungumanga imezidi kidogo."

"Ndivyo anavyopenda."

Mama Keki alivuta pumzi. Akafunga aproni upya. "Itabidi niweke vijiti ndani ili ibebe la nne na la tano. Na wewe, mzee, utashika sahani nikiipaka krimu. Ukigusa kitu kabla sijakwambia, nafungua kesi upya."

"Kwa hiyo unafuta malalamiko?" Koplo aliuliza.

"Malalamiko gani? Mimi naona matabaka matano."

*

Siku ya pili keki ilisimama. Ilisimama katikati ya ukumbi bila kuinama hata upana wa uzi, na Shangazi alizunguka akiwaambia wageni kwamba matano lilikuwa wazo lake. Tochi alialikwa, akaja na tochi. Inspekta alikaa meza ya nyuma na chai kavu, akisema yuko kazini.

Wakati wa kukata ulipofika, Mama Keki alimshika bibi harusi kiwiko. "Kata hili la katikati."

Bibi harusi alimnong'oneza, "Si ndilo la uongo?"

"Kata."

Kisu kikaingia laini hadi chini. Bibi harusi alishangaa, akachukua kipande, akamlisha mumewe, akala chake. Akaacha kutafuna. Akaangalia kile kipande. Akaangalia ukumbi mzima, meza kwa meza, mpaka akampata mzee mrefu aliyejibanza nyuma ya spika, ambaye hata spika haikumtosha.

Alishuka jukwaani na gauni lake lote. Watu wakapisha. Alifika mbele ya baba yake, machozi tayari yako mashavuni, na mdomo bado umejaa.

"Baba, hii ni yako. Najua ni yako."

Mzee akatikisa kichwa, ndiyo.

"Mbona haijabonyea?" Akamkazia macho, kama alivyozoea kumkazia tangu siku za kifaranga. "Umeiba wapi?"

Meza ya nyuma, Inspekta alipaliwa na chai.

Jalada lilifungwa Jumatatu. Maelezo yalisema kwamba kitu kilichopotea kilipatikana, na kwamba katika kukirudisha kiliboreshwa. Kielelezo namba moja, duara la povu gumu, hakikudaiwa na mtu. Kipo kituoni hadi leo, kwenye kiti cha Inspekta Mkavu. Mgongo wake, anasema, bado unauma kidogo, lakini chini pamekaa vizuri.